Fundi Aliyepima kwa Vidole Viwili

Mara ya nne tulipomwita Fundi kwa sababu ya mfereji wa beseni la kuogea, hakufungua hata mkoba wake wa vyombo. Aliingia bafuni na viatu miguuni, akageuza mkono wa kulia, akaugusa mdomo wa mfereji kwa mgongo wa vidole, na papo hapo mkono ukaruka kana kwamba umepigwa kiboko. Alirudi nyuma mpaka bega likagonga mlango. Mama yangu alikuwa amesimama kando ya beseni na ndoo tupu mkononi, akisubiri kuchota.

"Mama, weka ndoo chini," Fundi alimwambia kwa sauti ndogo. "Toka pole pole. Usishike ukuta."

Mama akatoka. Fundi akaniambia nizime swichi kuu ya nyumba, nami nikazima. Tulisimama watatu kwenye korido, tukiutazama ule mfereji unaong'aa ambao mama alikuwa ameushika kila asubuhi kwa wiki nzima, na Fundi akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Hii mimi sigusi tena."

Nilikuwa nimemjua kwa miaka tisa. Alikuwa fundi wa mabomba wa Mbotela, mmoja wa wale wanaokaa nje ya duka la vifaa vya ujenzi kando ya Jogoo Road, juu ya debe la rangi lililogeuzwa, vyombo vyao vimetandazwa juu ya gunia ili anayepita ajue ni kazi gani inauzwa pale. Nilimpata hapo siku choo chetu kilipokataa kujaa, na baada ya hapo sikutafuta mwingine. Jengo letu liko Eastleigh, safari ya kutosha kutoka Mbotela kwa mtu wa umri wake, lakini alikuwa akija kwa miguu. Alivaa suruali ya kitambaa na shati lililopigwa pasi, na viatu vyake viling'aa kuliko vya mtu anayekwenda kanisani. Alipoanza kazi alikunja suruali mara mbili, kila upande sawa, lakini viatu hakuvua. Wanawake wengi wa jengo letu waligombana naye kwa sababu hiyo.

"Mzee, hizi ni vigae, unanichafulia nyumba!"

"Nitapangusa, mama. Lakini kiatu hakitoki."

Na alipangusa kweli, kwa kitambaa alichokuja nacho, mpaka pembeni.

Hakutaka mtu amwambie tu kwamba kitu kinavuja. "Usiniambie inavuja," alikuwa akisema. "Niambie inavuja wapi." Ukishindwa kumwambia, alikutuma ukatazame tena, naye akakaa kwenye kiti akisubiri kama daktari. Alikuwa na dharau kwa mafundi vijana wanaokaza kila kitu kwa nguvu mpaka shaba inapasuka. Alikaza kwa mkono, kisha akaongeza robo mzunguko kwa spana, kisha akaiweka spana mbali ili isimshawishi. Tepi nyeupe ya mabomba aliizungusha polepole, akiibana kwa ukucha wa kidole gumba, na ilipokatika vibaya aliitoa yote akaanza upya. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi ndogo kwa heshima kubwa namna hiyo.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho mkobani, nacho ni futi ya kupimia. Alipima kwa mkono wake. Urefu wa kiganja, upana wa vidole vinne, upana wa viwili. Siku moja nilimuuliza kwa nini hanunui futi, maana bei yake ni ndogo.

"Futi inapotea," akanijibu. "Mkono nimetoka nao nyumbani na nitarudi nao."

Alikuwa mwongo kwenye simu. Ukimpigia alisema yuko chini ya ngazi zenu, na nyuma ya sauti yake ukasikia wachuuzi wa Mbotela wakiita wateja. Alikuwa mzee wa kanisa pia, na sidhani kama aliona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Alijisifu kwamba kazi yake hairudiwi. Katika miaka yote hiyo hakukubali hata mara moja kwamba kitu alichokifunga kimevuja. Lakini siku ya tatu baada ya kila kazi, bila kuitwa, alitokea mlangoni.

"Napita tu kuwasalimia."

Alisalimu, akauliza habari za mgongo wa mama, akaomba kunawa mikono. Akiwa bafuni tulisikia akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara juu, mara chini, akinyamaza katikati kusikiliza. Mama alikuwa akicheka chini chini.

"Fundi, kazi yako hairudiwi, lakini wewe mwenyewe unarudi sana!"

"Mama, mimi ni jirani."

"Jirani kutoka Mbotela!"

Kwa hiyo tulimpenda. Ninalisema hili mapema kwa sababu mengine nitakayoyasema si mazuri.

Alikuwa anaogopa stima. Hakutengeneza hita ya shawa, hakubadilisha hata balbu. Ukimwomba akushikie tochi ya simu wakati mwenzake wa stima anafanya kazi, alisimama mlangoni na kunyoosha mkono kutoka mbali. Sababu yake hakuwahi kuieleza moja kwa moja. Alinipa vipande vipande kwa miaka, na mimi nina tabia ya kuweka vipande pamoja. Alikuwa na mwenzake ambaye walifundishwa kazi pamoja. Walikuwa wakifunga mabomba kwenye jengo jipya huko Kware, wakati yale maghorofa yanaota kila wiki. Mwenzake aliingia kwenye maji miguu mitupu akashika paipu ya chuma kwa kiganja. Stima ikipita mkononi, Fundi aliniambia, vidole vinajikunja vyenyewe. Ukiwa umeshika kwa kiganja, unazidi kushika. Ukigusa kwa mgongo wa mkono, unakunja ngumi hewani na unabaki hai. Hilo ndilo somo alilolitoa Kware, na viatu vile. Jina la mwenzake hakulitaja.

Sasa nije kwenye beseni.

Mwenye ploti wetu ni mama mmoja mfanyabiashara, mchangamfu, ambaye husalimia kila mpangaji kwa jina. Mwaka uliopita aliamua kuzipandisha hadhi zile nyumba kubwa, mbili kila ghorofa, kumi na mbili kwa jumla, kwa kuweka beseni la kuogea kila bafu. Tulimwambia kwamba hatuhitaji. Alisema dunia inasonga. Mama yangu alipoliona likipandishwa ngazi, jeupe, refu, limebebwa na wanaume wanne, aliguna.

"Hilo ni jeneza. Nani kafa?"

"Ni la kuogea, mama."

"Mtu analala ndani ya maji machafu yake mwenyewe? Basi ni jeneza."

Mwenye ploti aliniuliza kama namjua fundi mwaminifu. Mimi ndiye niliyemtaja Fundi. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata kwetu, na aliifanya kwa fahari. Nakumbuka asubuhi aliyokata zile paipu. Alikaa uwanjani na msumeno wa chuma, na kwa sababu mabafu yote yalijengwa kwa ramani moja, alipima ukuta wa bafu moja tu, akaacha upana wa vidole viwili utokeze nje ya ukuta kwa ajili ya kushika mfereji, akakata vipande kumi na viwili vinavyofanana. Vilikuwa vimepangwa kwenye gunia kama sigara. Akaviingiza kwenye kuta zote siku hiyo na kesho yake.

Kisha akaja mtu wa vigae. Mwenye ploti hakutaka vigae vya zamani vibanduliwe, maana vinatoa vumbi na kelele, akaagiza vipya vibandikwe juu ya vile vya zamani. Kuta zetu hazikunyooka, kwa hiyo mahali pengine gundi ya vigae ilijazwa nene kama mkate. Vile vidole viwili vya Fundi vikamezwa. Alipokuja kufunga mifereji yenyewe, kila mmoja uliingia, ukakazika, ukakaa sawa na ukuta. Ulionekana kamili.

Siku aliyofunga wetu hapakuwa na maji. Kwetu maji ya mgao huja Jumanne na Ijumaa, na ilikuwa Alhamisi. Fundi alimimina ndoo moja kwenye tangi dogo la nyumba, maji yakatoka kwa unyonge, hakuna tone lililokwenda vibaya, akaridhika. Maji ya mgao yakija huja kwa kishindo, mpaka mabomba yanakohoa.

Na hakuna mtu katika jengo letu aliyeoga ndani ya yale mabeseni. Wiki haikuisha kabla kila nyumba haijagundua kazi yake halisi. Beseni moja linabeba maji ya kufika siku ya mgao ijayo, ukilifunika kwa ubao. Jumanne na Ijumaa mfereji uliachwa wazi tangu alfajiri, ili sauti ya kwanza ya maji iwaamshe waliolala. Mitungi pia ilijazwa kwa mpira uliochomekwa kwenye mdomo wa mfereji, ukivutwa mpaka jikoni. Wengine walitundika ndoo pale pale kwenye mdomo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nilimwona zaidi ya mara moja, ndoo imening'inia imejaa, mfereji umeinama kidogo, naye akitafuta kikombe cha kuchotea.

Baada ya majuma mawili mama aliniita. Alikuwa amekwishasahau habari za jeneza kwa wakati huo, alikuwa akilisifia beseni. Alinionyesha maji yakitoka mdomoni na mengine membamba yakirudi nyuma chini ya mfereji, yakigusa ukuta, yakipotea.

Fundi alikuja. Alichana kipande cha karatasi ya choo, akakiingiza kati ya mfereji na kigae, akakitoa kimelowa. Aliufungua mfereji, akaondoa tepi, akaweka tepi mpya, akaurudisha. Ukakaa kimya siku nne.

Mara ya pili alikuja na silikoni. Aliipaka kuzunguka mfereji pale unapokutana na kigae, akailainisha kwa kidole chenye sabuni, mstari mweupe safi. Kweli maji hayakuonekana tena. Mama alifurahi. Mimi pia nilifurahi, na nilikuwa mjinga. Maji yaliyokuwa yakirudi nyuma yalikuwa na tundu la kutokea kwenye vigae, na sasa tundu limezibwa. Yalibaki na njia moja, ndani ya ukuta.

Mara ya tatu tulimwita kwa sababu rangi ilianza kuvimba kwenye chumba cha mama, upande wa pili wa ukuta ule. Nilisimama nyuma yake akifanya kazi. Alikata silikoni kwa kisu, akaufungua mfereji, nao ukatoka baada ya mizunguko miwili tu. Akaangalia ncha ya paipu iliyobaki ukutani. Thredi, ile mikato inayozunguka ncha ya paipu ili ishikane na mfereji, inapaswa kutokeza ya kutosha. Aliihesabu kwa ukucha wa kidole gumba. Akaihesabu tena. Kisha akainua macho, akatazama dari, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anayetazama dari tupu. Juu yetu kulikuwa na nyumba zingine zenye beseni kama letu. Chini yetu pia.

"Ni nini, Fundi?" nikamuuliza.

"Ni tepi," akasema. "Tepi za siku hizi ni nyepesi."

Akazungusha tepi nene kuliko nilivyowahi kumwona akifanya, akaurudisha mfereji, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitumia spana kwa nguvu. Aliondoka bila kuuliza habari za mgongo wa mama. Siku ya tatu ilifika, hakuja kutusalimia. Nilitambua kwamba hakuja. Nilijiambia kwamba amepata kazi mbali.

Siku chache baadaye mama alitoka bafuni akicheka.

"Huu mfereji umenitekenya."

"Umekutekenya vipi?"

"Kwa vidole. Kama mtoto."

Nilidhani ni mishipa, maana ana matatizo ya mishipa. Kesho yake akasema tena, bila kucheka sana. Siku ya tano alikuja chumbani kwangu na mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto, akaniambia, "Leo umeniuma." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni stima. Nyaya za hita ya shawa zinashuka ndani ya ukuta ule ule. Mtu wa vigae, kama fundi wa stima alivyokuja kuniambia, alipochimba kurekebisha pembe alikuwa amezikata kidogo na kuzifunga kwa utepe tu. Ukuta ukiwa mkavu, utepe ulitosha. Ukuta ulikuwa umekunywa maji kwa mwezi mzima.

Ndiyo sababu Fundi aligusa kwa mgongo wa mkono. Nilikuwa nimemweleza kwenye simu, naye kwa mara ya kwanza hakusema yuko chini ya ngazi. Alisema, "Mama asiingie huko mpaka nifike," na akaja kwa gari. Mama, ambaye haambiliki, alikuwa ameingia.

Baada ya kusema hagusi tena, Fundi alichukua mkoba wake akashuka. Nilimfuata mpaka ghorofa ya pili.

"Fundi, na hawa wengine?"

Hakusimama.

"Fundi! Ulihesabu thredi. Nilikuona."

"Dada, mwambie mwenye ploti atafute mtu wa stima," akasema, mkono wake ukiwa juu ya reli ya ngazi. Akatazama mkono huo, akauondoa kwenye reli, akaendelea kushuka katikati ya ngazi kama mtu anayepita juu ya daraja la kamba.

Simu yake ilizimwa tangu siku hiyo. Mwenye ploti alimtuma kijana wake na testa, bisibisi ya kupimia stima. Kijana aliigusisha testa kwenye mfereji wetu wakati swichi kuu ya nyumba bado imezimwa, taa haikuwaka, akasema iko sawa. Nilimwambia kwamba stima imezimwa. Alisema yeye ameangalia alichotumwa kuangalia. Tuliishi gizani siku mbili mpaka nilipomlipa mimi mwenyewe fundi wa stima, akazitenga nyaya za bafu na kuturudishia taa. Mama alioga jikoni ndani ya karai. Kila nilipotoka kwenda kazini nilifunga mlango wa bafu kwa kamba ya viatu, nikiwa huko stoo ninakofanya kazi nilimpigia simu kila saa, na asipopokea kwa haraka nilipiga tena.

Niliwaambia majirani. Wengine walinisikiliza, wengine waliniuliza kama nimeona mfereji wao ukivuja. Hauvuji. Basi.

Jumamosi moja nilikwenda Mbotela. Debe la rangi lilikuwa mahali pake na mtu mwingine alikuwa amelikalia. Alinielekeza nyumbani kwa Fundi, moja ya zile nyumba za zamani za halmashauri, chumba na uwanja mdogo wa mbele wenye sukumawiki. Nilimkuta nje, adhuhuri, amekaa na kipande cha paipu kimebanwa kwenye jiliwa, akikata thredi. Alikuwa bila viatu. Pembeni, juu ya gunia, vipande virefu vilikuwa vimepangwa. Nilivihesabu bila kutaka. Vilikuwa tisa na alikuwa akifanya cha kumi.

"Karibu," akasema bila kuinuka. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anaoga kwenye karai."

"Vizuri."

Nikakaa kwenye ngazi. Akakata thredi mpaka mwisho, akapuliza vumbi la chuma.

"Vidole viwili," akasema. "Niliacha vidole viwili kwa kila moja. Ukuta wenu umekula kimoja na nusu. Nyumba zingine sijui umekula ngapi, maana gundi haikuwekwa sawa. Inaweza kuwa nusu. Inaweza kuwa vyote."

"Mbona hukusema siku ile?"

Alilegeza jiliwa. Mke wake alipita na sufuria, akanisalimia, akaingia ndani.

"Nikisema kwako, nimesema kwa nyumba kumi na mbili. Mwenye ploti atasema kwa duka. Duka litasema kwa barabara yote. Mimi nina nini kingine? Sina duka, sina cheti. Watu wananiita kwa sababu hairudiwi." Akageuza mkono wake, akautazama ule mgongo wa vidole. "Nilidhani ni maji tu. Maji nayajua. Siku ile kwenu iliponipiga, nilimwona yule mwenzangu. Nilimwona mlangoni pa bafu lenu, dada, amesimama karibu na mama yako."

Nilimuuliza ni lini atakuja.

"Jumatatu. Lakini mimi natoa paipu tu. Lete mtu wa stima azime kabla sijagusa ukuta. Kila nyumba."

Alikuja Jumatatu saa mbili. Sikumpigia simu kumuuliza yuko wapi. Mwenye ploti alikuwa ametuma ujumbe kwa wapangaji kwamba asiruhusiwe fundi yeyote bila barua yake, na kwamba yule mzee ndiye aliyeharibu. Fundi alipanda hivyo hivyo. Alianza na yetu. Mtu wa stima akazima, Fundi akagusa kwa mgongo wa mkono mara tatu, akavunja kigae kimoja, akatoa kile kipande kifupi. Kilikuwa na kutu ya rangi ya chai. Akaweka kirefu, mfereji ukaingia mizunguko sita na robo. Akamwambia mama asitumie hita mpaka nyaya zihamishwe na ukuta ukauke, na asitundike ndoo.

"Nitatundika wapi basi?"

"Msumarini, mama. Nitakupigia mmoja." Na akampigia, kwenye ukuta wa jikoni.

Nilikwenda naye mlango kwa mlango. Alibisha, akavua kofia, na kwenye kila mlango alisema maneno yale yale mbele ya mtu aliyemsifu alipofunga mara ya kwanza: "Nilifunga vibaya. Naomba nirekebishe." Mara ya kwanza aliishia katikati akalazimika kuanza upya. Mama mmoja wa Kisomali ghorofa ya pili alifungua mlango wote, akamwita babu. Kijana wa ghorofa ya tatu alimcheka, "Niaje buda, kumbe hata wewe huwa unarudia!" na akamruhusu. Nyumba nne zilikuwa salama. Katika nyumba mbili ukuta ulikuwa umelowa kuliko wetu, na hakuna tone lililokuwa limeonekana nje. Ile ya ghorofa ya tano, mtu wa stima alipoipima kabla ya kuzima, testa iliwaka. Mpangaji wa pale aliketi chini kwenye korido. Kwa siku tatu tulifungua nyumba kumi, mbali na yetu.

Ikabaki namba kumi na moja, ghorofa ya juu. Wanakaa mume na mke vijana na mtoto anayeanza kutembea. Mume alisema nasi kupitia mlango uliofungwa.

"Mzee, kwangu iko fiti. Hakuna kitu inavuja."

"Kijana, isipovuja nje ndiyo naogopa zaidi."

"Uko na barua ya landlady?"

"Sina."

"Basi nikivunjiwa tile, deposit yangu utanilipa wewe?"

"Nitalipa kigae. Nifungulie dakika tano nigonge ukuta tu."

"Buda, haijaniuma. Si umesikia? Haijaniuma. Enda upumzike."

Fundi alikaa kwenye ngazi mbele ya mlango ule mpaka mchana, kipande cha mwisho kikiwa mapajani. Kisha akakiegemeza kwenye fremu ya mlango na kushuka. Amerudi mara nne tangu hapo. Mimi nimeandika barua mbili kwa mwenye ploti. Amenijibu kwa upole kwamba analishughulikia.

Leo ni Ijumaa. Asubuhi nilipanda kuanika nguo juu ya paa, nikapita mbele ya namba kumi na moja. Kila ghorofa ina sanduku la mita lenye kioo na kufuli, na ufunguo uko kwa mwenye ploti, kwa hiyo sikuweza kuwazimia stima kutoka nje. Taa nyekundu ya mita yao ilikuwa inapepesa haraka, kama inavyofanya hita ikiwa imewashwa. Nyuma ya mlango nilisikia maji yakianguka kwenye beseni, mtoto akicheka, na mama yake akimwambia, "Shikilia hapo usiteleze."

Niliweka karai la nguo chini nikabisha kwa ngumi. Maji yakafungwa.

"Ni nani?" mume akauliza kutoka chumbani.

"Ni yule wa namba saba tena," mke akajibu.

Nilisema kupitia mlango wamtoe mtoto bafuni. Nilisema mara mbili. Nilisubiri. Sijui mtoto alikuwa ameambiwa ashikilie nini, na paipu ya nyumba ile hakuna aliyeiona tangu iingie ukutani. Maji yakafunguliwa tena.